Saa Tisa ya Ijumaa

Burhani wa Buyenzi, Bujumbura, alisafisha ofisi za stesheni ya Gare du Nord, ughaibuni, miaka ishirini na miwili, hakuwahi kumsumbua mtu. Kusoma hakujua. Mkewe Mwanvua ndiye aliyemsomea barua, ndiye aliyemwambia ashuke wapi. Mwanvua alipofariki, Burhani alibaki na goti bovu na safari moja: kila Ijumaa baada ya sala, makaburini, nusu saa kwa miguu kutoka pale tramu inapokomea.

Kisha ikasikika kwamba laini ya tramu itarefushwa, itapita mbele ya lango lenyewe la makaburi. Burhani akamshukuru Mungu, hadi binti yake Aziza alipomsomea tangazo lote.

"Itapita tu, Papa. Haisimami pale."

"Ipite mbele ya mama yako bila kusimama?"

Akavaa koti la Idi, wakaenda kwenye mkutano wa komine, baraza la mtaa. Mhandisi, Madame Mathilde, akaonyesha ramani ukutani. Walihesabu watu langoni Jumanne nzima, akasema, wakapata tisa. Kwa watu tisa hakijengwi kituo.

Burhani akasimama. Kifaransa chake kilikuwa cha ndoo na ufagio, lakini hakungoja kutafsiriwa.

"Madame, Jumanne sisi tuko kazini. Wafu wetu tunawazuru Ijumaa. Njoo vendredi, à neuf heures. Ukipata tisa tena, mimi nanyamaza."

Watu wakacheka. Mathilde akaandika, akachukua na namba ya Aziza.

Ijumaa asubuhi Burhani alikuwa kwenye chai, simu ikalia. Aziza akasikiliza, akashika kichwa.

"Papa! Madame yuko makaburini tangu neuf heures. Amelowa chepechepe, hajaona hata paka!"

"Mbona amewahi hivyo? Si nilimwambia saa tisa?"

"Neuf heures ni saa tatu asubuhi! Saa tisa yako ni quinze heures, Papa! Miaka yote hii uko huku, saa yako bado iko Bujumbura!"

Chai ikamtumbukia nyongo. Akaichukua simu.

"Madame, kosa ni la saa yangu, si la wafu. Nakuomba, rudi. Quinze heures."

Mathilde akajibu: "Bon. Lakini ni mara ya mwisho, monsieur."

Msikitini hakumwambia mtu neno, asije akaambiwa amekodi watu. Akatangulia, akasimama langoni karibu na Mathilde. Saa tisa ikafika. Njia tupu.

Halafu wakatokea kwenye kona. Wazee wa fimbo. Wanawake wanasukuma watoto. Lukman muuza nyama, aproni bado kiunoni.

"Eh, Mzee Burhani, umekuwa askari wa lango?"

"Pita, pita! Unahesabiwa!"

Mathilde alikuwa anabonyeza kidude chake cha kuhesabia. Kidole gumba kikachoka, akabadilisha mkono. Mia mbili na kumi na wanne.

"Na leo kuna mvua," Burhani akamwambia. "Ungeona Idi."

Miezi mitatu baadaye ramani mpya ikatundikwa komine, na mbele ya lango kuna duara la kituo. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Lukman akampigia mluzi. Burhani akasogea, akaweka kidole juu ya lile duara, akakiacha hapo, na Mathilde hakumzuia.

Kesho yake alikwenda makaburini, akainama kwa shida.

"Itasimama," akamwambia Mwanvua. "Umesikia? Itasimama."