Bi Tochi na Tela Lililokataa Kusimama

Bi Tochi hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Alitembea na tochi shingoni hata saa saba mchana, jua likichoma mabati ya gereji, na watu wa gereji wakikosa cha kucheka hujitafutia. Gereji ilikuwa ya kaka yake mkubwa, ambaye hakusomea uinjinia popote lakini alijiita Injinia, na watu kwa kuchoka kubishana wakamkubalia. Injinia alishika injini, giaboksi na breki. Dada yake alishika taa na honi. Ndivyo walivyogawana tangu baba yao alipostaafu, na kama kuna aliyemuuliza Bi Tochi anaonaje, basi aliuliza yeye akiwa hayupo.

Safari hii kazi ililetwa na kitindamimba wao, mama wa watoto watatu, mwenye pikapu na tela la kubebea mashine ya kupukuchulia mahindi. Alizunguka nalo shamba kwa shamba, na nyumba yake yote ilikula kwa tela hilo. Breki zake zilikuwa za umeme: ukikanyaga breki ndani ya pikapu, umeme unapita kwenye waya mpaka kwenye magurudumu ya tela, unaamsha sumaku, na sumaku inakaza breki. Ikipenda, lakini. Mkaguzi wa magari alikwisha kulipima mara mbili, na mara zote mbili tela liliisukuma pikapu mbele kama mtu anayewahi foleni. Akamwambia yule mama, bila hata kupandisha sauti, kwamba likishindwa tena Alhamisi atang'oa namba yake. Na mavuno yalikuwa yameshaanza.

Injinia alibadilisha kila kinachobadilishika. Aliweka sumaku mpya, breki shuu mpya, na kisanduku kipya cha kuongozea breki chini ya usukani. Tena alikuwa amelipaka tela rangi nyekundu, maana kwake hakuna chombo kilichokwenda kukaguliwa bila kupakwa rangi. Aliamini mkaguzi akiona kitu kinang'aa husahau nusu ya dhambi zake. Tela hilo lilikuwa limeshapakwa mara mbili, mara moja kabla ya kila ukaguzi uliopita.

Jumatano asubuhi wakaliinua kwa jeki pale uani. Breki zikakamata sawasawa. Wakaliingiza barabarani, zikanyamaza. Wakarudi uani, zikakamata tena. Injinia akajifuta mikono, akasema tela lina mkosi, likauzwe chuma chakavu. Mdogo wao akakaa juu ya tairi, akaanza kuhesabu kwa vidole mashamba yaliyokuwa yakimsubiri. Angelia, Bi Tochi angevumilia. Kule kuhesabu ndiko kulikomchoma.

"Kaka, niachie mimi mpaka jioni," alisema.

"Utafanya nini? Taa zake zinawaka zote."

"Zinawaka. Lakini likiruka shimo zinafifia. Nimekaa na taa miaka kumi na tisa, kaka. Taa haififii bure."

Injinia akacheka kidogo, kile kicheko cha kumwachia mtoto ajaribu. Bi Tochi hakujali. Alichukua balbu ndogo yenye nyaya mbili, waya mmoja akaushikisha kwenye umeme wa breki pale gurudumuni, wa pili kwenye chuma kitupu cha tela. Mdogo wake akakanyaga breki, balbu ikawaka. Hapo ndipo alipowaomba wote wapande juu ya tela waruke: muosha magari, mziba pancha, na Injinia mwenyewe na kitambi chake. Wakaruka huku wakichekana. Kila walipotua, balbu ikazimika.

Akautoa ule waya wa pili kwenye tela, akaushikisha kwenye bodi ya pikapu. Wakaruka mpaka mziba pancha akaomba maji. Balbu ilitulia tuli. Basi umeme wa kwenda ulikuwa mzima. Uliokosa njia ni wa kurudi.

Alilala chali chini ya tela na tochi yake, akafungua bolti inayoshikilia waya wa kurudishia umeme. Chini yake palikuwa na rangi nyekundu, safi, tabaka mbili. Uzuri wa mkakasi. Waya ulikuwa umekazwa juu ya rangi, na umeme kwa shida zake ukawa unarudi kupitia kile kichwa cha chuma kinachounganisha tela na pikapu, nacho kimejaa grisi. Tela likisimama, vyuma viligusana. Likirukaruka barabarani, vikaachana, na breki zikafa.

Injinia aliinama akatazama.

"Rangi nilipaka mimi," alisema.

"Ndiyo, kaka."

Injinia alikwenda mwenyewe kuleta msasa. Bi Tochi akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akafunga bolti upya, kisha akavuta waya mpya mnene wa kurudishia umeme kutoka kwenye tela mpaka kwenye pikapu, ili breki zisitegemee tena huruma ya grisi. Akairudisha balbu kwenye chuma cha tela, wakapanda kuruka kwa mara nyingine. Balbu haikupepesa hata kidogo.

Alhamisi mkaguzi alisimama chini ya mteremko wa majaribio, spana ya kung'olea namba mfukoni. Bi Tochi alikaa kando ya mdogo wake ndani ya pikapu. Wakashuka na mashine nzima mgongoni. Kwenye mstari mweupe mdogo mtu akakanyaga breki. Tela likashika, pikapu ikashika, vyote vikasimama pamoja juu ya mstari.

Mkaguzi alizunguka mara moja, akatia saini, akampa karatasi. Mdogo mtu aliishukuru karatasi badala ya mkaguzi. Kisha, badala ya kutoka getini, akakata kona, akapanda mteremko upya, akashuka kwa kasi zaidi, akasimama tena palepale.

"Umeshapita wewe, mama," mkaguzi alimwambia dirishani. "Unarudi kufanya nini?"

"Kusimama tu, mzee," alijibu huku machozi yakimtoka na meno yote nje. "Nilikuwa na hamu ya kusimama."