Masikio ya Bongo

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimepanga chumba Mwihoko, na humo nikifinyanga sanamu ya bongo, yule swala mkubwa wa msitu wa Nyandarua mwenye mistari myeupe mbavuni, ambaye tayari alikuwa karibu kuisha. Picha pekee niliyoipata Thika ilitoka kwa kalenda kuukuu, na kichwa kilikuwa kimezibwa na majani. Majirani walichungulia mlangoni wakanisifu kwa mbuzi mzuri. Udongo nao ulikuwa unanikaukia.

Mwishowe nikasikia kwamba mwenye nyumba alikulia kando ya msitu huo. Nikamwita aone.

“Huyu namjua,” akasema. “Nyama ya mbavu ilikuwa tamu sana.”

“Mzee, mimi nimekwama kwa masikio. Ni ya mviringo ama yamechongoka?”

Akanieleza paja. Nikarudi kwa masikio. Akanieleza ini, na vile mama yake alivyolikaanga. Nikamshika mkono, nikauweka kichwani pa sanamu, na nikamuuliza polepole, kama mtu anayejizuia kugombana, hapa palikuwaje.

Akafikiria.

“Hapo uliza dada zangu,” akasema. “Sisi wavulana hatukuwa tunapewa masikio.”