Aliyoyasema Sekela Baharini

Sekela wa Lupepo, kijiji cha Rungwe, ni fundi cherehani, na wanaomjua watakwambia mambo mawili juu yake: hakosei kipimo cha sare ya shule, na mdomo wake hauna breki. Hilo la pili hulisema huku wakicheka, kwa kuwa Sekela akifungua kinywa hata waliofiwa hujisahau wakatabasamu. Mtu mmoja tu hakuwahi kuambiwa naye neno lolote, la utani wala la kweli. Huyo ni baba mkwe wake, Mzee Lukasi, ambaye nyumba yake inatazamana na ya Sekela kwenye uwanja mmoja.

Siku hizi vijana wa Tukuyu wanakula meza moja na wakwe zao, wanapiga nao na picha. Kwa Mzee Lukasi mambo ni ya zamani. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, hapiti mbele yake. Basi mzee akikaa mlangoni pake, na kukaa mlangoni ndiko alikokupenda, Sekela huzunguka nyuma kwenye migomba, ndoo mkononi, mgongo ameuinamisha, mvua inyeshe isinyeshe. Na Rungwe hunyesha. Chakula cha mzee anakipika yeye, lakini anayekipeleka ni wifi yake Loyce, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume. Mzee akishiba hushukuru kwa sauti ya juu, ili shukrani ivuke uwanja imfikie mpishi. Ndivyo walivyoishi, na ukitaka ukweli, walipendana hivyo hivyo kwa mbali.

Mwaka jana binti mkubwa wa Sekela, Tulia, aliyeajiriwa mapokezi katika hoteli moja kule Unguja, aliwaita wazazi wake wakapumzike. Nsajigwa, mumewe Sekela, ni dereva wa lori la kukusanya majani ya chai. Tangu azaliwe hajawahi kupumzika mahali pasipo na matope. Walikubali kabla binti hajamaliza sentensi. Sekela akajishonea nguo ya kuogelea, kwa sababu vile vipande alivyoviona kwenye simu alisema ni mabaki ya kitambaa, si nguo. Akakata bukta ya kufika magotini na blauzi ya mikono, vyote kwa kitambaa cha michezo cha rangi ya zambarau. Mchungaji mwenyewe asingepata la kusema.

Asubuhi ya boti ilikuwa ya furaha tupu. Walipakiwa pamoja na wageni kutoka nchi za watu, wakapelekwa hadi kwenye matumbawe, wakagawiwa miwani ya kupigia mbizi, mirija ya kupumulia na maboya ya kuvaa. Nsajigwa alishuka ngazi ya boti mpaka maji yakamfika kiunoni, akapanda tena, akasema chumvi haipatani na macho yake. Uoga huo. Mwanamume anayeteremsha lori lililojaa chai kwenye utelezi, leo anashindwa na maji yaliyotulia! Sekela alimcheka, akashika mkono wa mwongozaji, akaingia.

Alipoinamisha uso ndani ya maji aliona samaki wa njano na wa bluu wamejipanga kwa safu, kama vifungo kwenye kadi dukani. Aliwafuata. Bukta ilijaa maji ikavimba, naye hakujali. Hakuna aliyemjua pale, hakuna aliyemwita shemeji wala mama wala fundi. Mgongo ulikuwa juu na jua limeuangukia, na alihisi raha ambayo hakuwa amejua kwamba anaikosa.

Huku juu, Nsajigwa alikuwa na raha yake. Baba yake hajawahi kuona bahari, naye akaona haifai raha hiyo aile peke yake. Mkewe alikuwa mbali, uso majini. Akapiga simu ya video kwa Loyce. Loyce akaiegemeza simu kwenye kikombe juu ya stuli mbele ya mzee, akakimbilia jikoni kutazama maharage.

"Tata, ona maji!" Nsajigwa alimpazia baba yake sauti, akiizungusha simu. "Hayana ng'ambo!"

"Mwe!" mzee alishangaa. "Sasa yanaishia wapi?"

Nsajigwa akaigeuza simu kujionyesha yeye mwenyewe, kisha akaigeuza tena upande wa ngazi. Wakati huohuo Sekela alikuwa anapanda, anachuruzika maji, miwani ameivua, uso wote meno. Hakuona simu. Alimwona mumewe tu.

"Baba Tulia, mimi Lupepo sirudi!" alisema kwa ile sauti yake ya sokoni. "Nikafanye nini? Kuinama nyuma ya migomba kila siku kwa ajili ya mzee asiye na mpango wa kufa?"

Nsajigwa alicheka. Alicheka kwanza, ndipo akakumbuka kilichomo mkononi mwake.

Sekela akatazama pale alipotazama mumewe. Kwenye kioo palikuwa na kofia ya sufu, ndevu nyeupe na macho mawili yanayomtazama. Tangu aolewe hakuwahi kuuona ule uso kwa mbele. Akafanya lile ambalo miguu yake ilizoea kufanya: akakimbia. Migomba haikuwepo, basi akajitupa baharini, mdomo wazi. Alikunywa maji ya chumvi mpaka mwongozaji akamfuata kumvuta. Wageni walidhani ni mchezo, wakampigia makofi. Alipotolewa majini, simu ilikuwa imeshakatika.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sekela alikuwa ameusema msemo huo mara nyingi kwa wateja wake, akidhani unawahusu wao.

Safari yote ya boti kurudi ufukweni alijifunika khanga kuanzia kichwani. Matunda yalipogawiwa hakutia kitu mdomoni. "Mtandao ulikuwa mbaya," Nsajigwa alimnong'oneza. "Unakatakata. Sidhani kama alisikia kitu." Hakusema ni kitu gani. Hakukitaja hata siku moja, wala hakutaja kicheko chake.

Jioni Loyce alipiga simu. Alisema mzee alijifunika uso kwa kofia na kuingia chumbani, hataki kuongea. "Kwani amemwona wifi na nguo za kuogelea?" aliuliza, na alikuwa anazuia kicheko.

"Ndiyo," Nsajigwa akajibu upesi. "Ni hilo tu."

Tulia naye akacheka, akamwambia mama yake kwamba babu atasahau. Sekela akaacha iwe bukta. Aibu ya bukta ilikuwa nyepesi. Ungeweza kuibeba mbele za watu, ukazungumza juu yake na ukachekwa kidogo. Ile nyingine hakuwa na pa kuiweka. Alilala nayo na kuamka nayo. Alikumbuka jinsi alivyoulegeza ulimi kwenye neno "kufa" ili lichekeshe zaidi, na mwili ukamsisimka kwa aibu. Mzee yule ndiye aliyeuza ng'ombe wake amnunulie cherehani ya kwanza. Akawa anaomba jambo ambalo hakuna mkamwana mwema anayeliomba: masikio ya baba mkwe yawe mabovu.

Walirudi. Kutoka Tukuyu walipanda bajaji hadi Lupepo, ukungu umeshuka mpaka kwenye chai. Sekela alikuwa ameshajipanga: angezunguka kwa mbali zaidi, angeinama zaidi, angepika vizuri zaidi. Labda mzee hakusikia.

Walipofika uwanjani alimwacha Nsajigwa na mizigo, akainamisha mgongo ili azungukie kwenye migomba. Loyce akamshika mkono.

"Usihangaike, wifi. Pita tu hapa."

Sekela aliinua macho kwa woga. Mlango wa mbele wa Mzee Lukasi ulikuwa umepigiliwa mbao, mbili zimekatizana. Kiti chake hakikuwepo.

"Amekwenda wapi?" aliuliza.

"Yumo. Amejitobolea mlango mwingine kwa nyuma, kwenye migomba. Kutwa anagonga mwenyewe, hataki fundi. Nimemwambia, tata, huko nyuma kuna tope utaanguka, hanisikii. Juzi ameteleza kweli, goti limevimba." Loyce alitikisa kichwa. "Amenipa na maneno nikupe ukifika. Mimi sikuyaelewa, labda uzee umeanza kumchanganya."

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Mwambie mkamwana, habari ya kufa siwezi kumsaidia, hiyo ni ya Mungu. Lakini mlango ni wangu, huo nimeuhamisha. Apite bila kuinama.'"

Nsajigwa, aliyekuwa amebeba begi, aliliweka chini taratibu na kugeukia upande mwingine.

Nyuma ya nyumba ilisikika fimbo ikichomwa kwenye matope, ikachomolewa, ikachomwa tena. Mzee alikuwa anatoka. Njia ile ilikuwa nyembamba na yenye utelezi, na sasa ilikuwa yake peke yake. Loyce akaingia jikoni. Uwanja wote ukabaki mweupe mbele ya Sekela, umefagiliwa vizuri, naye akasimama katikati yake, mgongo umenyooka, hajui pa kutia mguu.