Mbweko wa Kuomba Radhi

Fusae Kuramochi alikuwa amebweka miaka thelathini na mitatu, na hakuona haya hata chembe. Wenzake wa chuo cha maigizo walitamani kuwa malkia jukwaani. Yeye alipewa Kinako, mbwa wa katuni inayoonyeshwa kila Jumapili jioni Japani nzima, akamng'ang'ania. Mume aliyesema kubweka si kazi ya mke wa mtu alifungashiwa virago. Mbwa akabaki.

Sasa alikuja mwongozaji mpya, Igarashi, kijana mwenye shingo ndefu na haraka nyingi.

"Mama, tuna mibweko yako elfu moja na mia sita kwenye kompyuta," alimwambia asubuhi ile. "Mwezi ujao pumzika tu nyumbani."

Pumzika! Hilo si neno la kuambiwa maiti? Fusae aliinama kwa adabu, kisha akaenda chooni kulia. Alirudi ameosha uso.

Walianza kurekodi. Picha, kama kawaida, hazijachorwa. Ilikuwa skrini nyeupe na mistari ya rangi tu. Mstari mwekundu ukipita, baba mwenye nyumba anaongea. Wa kahawia ukipita, Kinako anabweka. Ila Fusae alikuwa na mtoto wa jicho, siri aliyomficha hata daktari, na siku hizi nyekundu na kahawia zilikuwa zimeoana machoni pake.

Siku hiyo baba wa katuni, jeuri wa miaka thelathini na mitatu, alitakiwa hatimaye kumwambia mkewe, "Nisamehe." Mstari mwekundu ukapita. Fusae akaona kahawia.

Akabweka. Polepole, masikio chini, mkia katikati ya miguu, mbweko wa mbwa aliyekula ndala ya bwana wake.

Mzee Nezu, anayemwigiza baba, alicheka mpaka akapaliwa. "Loo, dada! Umeniombea msamaha!"

Walirudia mara nane. Kila Nezu akifika kwenye "Nisame—", kicheko kinamtoka. Mara ya tisa akaweka karatasi chini.

"Bwana mdogo, mimi basi. Mbwa kasema vizuri kuliko mimi. Si hamjachora bado? Mchoreni yeye."

Igarashi aliiva uso. Zimebaki siku tisa tu kipindi kirushwe. "Sawa," alisema kwa kiburi, "lakini mbweko ule umeingiliwa na kicheko chako. Nitachukua safi kwenye kompyuta."

Akaingia chumba cha kioo, akafungua spika. Wote wakasikiliza. Mbweko wa njaa. Wa hasira. Wa furaha. Wa mgeni mlangoni. Wa mtu wa posta, huo peke yake mia mbili na arobaini. Wa kuomba radhi hakuna. Utatoka wapi? Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuomba radhi. Mbwa angejifunza kwa nani?

"Macho yako, dada?" Nezu alinong'ona.

"Funga mdomo."

"Nafunga. Kahawia ikija nitakugusa kiwiko."

Fusae alikaa akafungua tonge lake la wali. Moyo ulimdunda, lakini wali ni wali. Alikuwa anatafuna Igarashi alipotoka na kusimama mbele yake, akainama mpaka nywele zikamfunika macho.

"Mama, mwezi ujao uje. Na miezi mingine yote."

"Na lile la asubuhi?"

Kijana akafungua mdomo. Neno likagoma. Akaangalia viatu vyake, shingo yote ikawa nyekundu.

"Wan," alibweka kwa sauti ndogo.

Fusae alimeza wali, akajipangusa vidole kimoja kimoja.

"Hapana, mwanangu. Huo ni wa njaa. Rudia."