Pepo wa Neema Alitaka Uji

Nisikilize, mzazi mwenzangu, macho yangu bado mazito kwa kuuguza. Binti yangu Neema alipewa dawa ya virusi vya homa ya mafua. Alipoimeza tu, akatapika. Mimi nikajua ni pepo. Nikawaita kina mama wa maombi hapa Changamwe, nikafunga kula, na Neema naye nikamfungisha. Kila akimeza dawa anatapika, nami nazidi kukemea.

Mama Riziki, muuguzi mstaafu, akaingia katikati ya wimbo.

"Mtoto amekula nini?"

"Amefunga, dada."

"Mama, pepo ana njaa," Neema akasema. "Anataka uji."

Kina mama walicheka hadi vilemba vikalegea. Mwenzangu, Mama Riziki alinieleza kwamba dawa hii huwatapisha watoto wengi, hasa tumbo likiwa tupu. Mpe pamoja na chakula, na akianza kuweweseka, jambo ambalo homa au dawa huweza kuleta mara chache, mkimbize hospitali.