Chuma cha Zamani Hakitupwi

Papa alikuwa amekataa kupanda gari letu tangu mvua za mwisho. Hakulalamika. Jumapili moja tulipotoka kanisani alifungua mlango wa mbele, akakitazama kiti kwa muda kama mtu anayesoma barua, akaufunga. Akarudi nyumbani kwa miguu, mkono mmoja kiunoni.

Mgongo wake aliuumiza miaka ile alipokuwa makanika kwenye mashua kubwa za mizigo zinazoshuka hadi Barumbu na Basoko. Aliteleza kwenye ngazi ya chumba cha mashini. Na gari letu lilikuwa limekufa amotisere zote mbili za mbele. Amotisere ni bomba la chuma lenye mafuta ndani, linalosimama katikati ya resori, ile springi ya gurudumu, na kuizuia isirukeruke. Ikifa, gari linabaki na resori tupu, na kila shimo la mtaa wetu wa Kabondo linapanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa aliyeketi.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka Yangambi. Dada mkubwa wa Papa alikuwa mgonjwa, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kupoteza watu. Alikuwa amewasahau wajukuu wawili tayari. "Mwambieni mdogo wangu aje," alisema kwa sauti nyembamba, "nikiwa bado ninamjua." Katika watoto wote wa tumbo lile wamebaki wao wawili tu. Papa aliusikiliza ujumbe mara mbili, akanirudishia simu.

"Tukutafutie nafasi kwenye mashua?" nikauliza.

"Mashua inangoja mizigo mpaka ijae. Na ule ubao wa kupandia, mi siwezi tena."

Ikabaki barabara, na kwenye barabara hatukuwa na kingine ila gari lile.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu yupo fundi wa magari, tonton, yaani mjomba, wa mtaa mzima, anayefanya kazi chini ya tole mbili za bati zilizofungwa kwenye nguzo. Mara mbili alikuwa "ameziponya" zile amotisere. Nilimwona: anatoboa bomba, anamimina mafuta mazito, anachomelea tundu. Gari linatulia majuma machache, kisha linaanza tena kuruka kama mbuzi. Nilimwuliza kwa nini anafanya hivyo wakati anajua hakudumu. Akajibu, "Ni vile tunafanyaka."

Jibu hilo limeniandama tangu utotoni. Nililisikia kwa katekista, kwa walimu, na chuo kikuu pia, likiwa limevaa miwani. Nilisoma fizikia. Niliwahi kuandika mtihani mzima juu ya resori na kitu kinachoituliza, nikapata alama nzuri, na sikuwa nimewahi kushika hata moja. Kwa hiyo amotisere mpya zilipofika juu ya lori kutoka Bunia, nilitangaza kwamba nitazifunga mwenyewe, hapa hapa uani, kwenye parseli yetu.

Tonton fundi alikuja kutazama. Alileta kreti lake la bia ili apate pa kukalia.

"Prof," akasema, "uliisomea hii wapi?"

"Kwenye telefone."

"Ah bon. Na telefone itakushikia resori?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Resori iliyobanwa ikifyatuka inaweza kumvunja mtu taya, au zaidi. Yeye huifunga kwa waya gari likiwa chini, limejaa watu, kisha analiinua. Mimi nilikuwa nimemchorea mchomeleaji mmoja vibanio viwili vya skrubu, naye akavitengeneza vizuri. Niliinua gari kwa kriki, yaani jeki, nikaliegemeza juu ya magogo, nikatoa magurudumu. Nati za chini zilikuwa zimeoana na kutu. Nilining'inia kwenye mpini wa funguo kwa uzito wangu wote, ukanitupa mavumbini, na tonton akapiga makofi.

"Hii kitu haijui kama uko na lisansi ya fizikia," akasema.

Lakini zilitoka. Nilibana resori ya kwanza, nusu mzunguko upande huu, nusu mzunguko upande ule, jasho likiingia machoni. Nilipofungua nati ya juu na resori ikakaa kimya ndani ya vibanio vyangu, nilihisi furaha ambayo mtihani ule haukuwahi kunipa. Amotisere ya zamani ilibaki mkononi mwangu: imejaa tope na mafuta, fimbo yake imezama ndani ya bomba na haikutaka tena kupanda. Nilisukuma fimbo ya ile mpya. Ilishuka polepole, ikapanda yenyewe polepole. Baadaye kidogo mteja akamwita tonton, naye akaondoka na kreti lake.

Papa alikuwa ameketi mlangoni muda wote. Nilipoziweka zile mbili za zamani ukutani, akasema, "Hizo uzichunge."

"Za nini, Papa? Zimekufa."

"Chuma ya zamani hatutupake mbele mupya iende Basoko na kurudia."

Niliijua sheria hiyo: cha zamani hakitupwi kabla kipya hakijaenda na kurudi. Ndiyo maana nyuma ya nyumba yetu kuna rundo la vyuma ambalo Mama amelipigia vita miaka yote.

"Lakini kwa nini?"

"Kwa mashua ilikuwa vile."

"Nauliza sababu."

Alifikiri kweli; hakunipuuza. "Sijui," akasema. "Kapita, mukubwa wetu wa kazi, alituambia, tukafanya. Weye chunga tu." Akaingia ndani kulala usingizi wake wa mchana.

Lilikuwa jibu lile lile la fundi, na sasa lilitoka kinywani mwa Papa. Ningeweza kuziacha pale ukutani, hazimli mtu. Lakini robo saa baadaye akapita yule kijana anayekusanya vyuma kwa mkokoteni, akigonga kengele yake ya rimu kuukuu.

"Grand! Hakuna vyuma vya kufa?"

"Chukua hizi mbili."

"Bure?"

"Bure. Nenda haraka."

Nasema ukweli: nilisema haraka kwa sababu Papa alikuwa amelala. Mtu aliyejiamini kabisa angengoja aamke.

Nilimaliza kabla jua halijashuka. Nikaendesha peke yangu hadi upande wa Kapalata na kurudi, juu ya mashimo yale yale, na gari lilipita kama mtu anayepumua vizuri. Kesho yake asubuhi nilimfungulia Papa mlango. Akakitazama kiti tena kwa muda. Kisha akaketi.

Tulikubaliana tuzunguke mtaa kwanza. Mashimo madogo tuliyapita bila neno, nami nikamwona akilegeza bega. Halafu tukafika kwenye mfereji ule ambao mvua imeukata katikati ya njia. Nilikuwa nimeukwepa siku iliyotangulia bila hata kufikiri. Safari hii pikipiki ilikuwa pembeni yangu na sikuwa na pa kukwepea. Gurudumu likazama. *Ka!* Ulikuwa mlio mkavu, chuma juu ya chuma. Papa alishika dashibodi kwa mikono miwili, akafunga macho, na midomo yake ikawa ya majivu.

"Turudie," akasema.

Nyumbani alishuka bila msaada wangu. Alisimama kando ya gari, akanyoosha mgongo taratibu. "Tuma ujumbe Yangambi," akasema. "Waambie nitaona."

Nitaona, kwa lugha ya Papa, ni hapana.

Nilikwenda kwa tonton fundi na kichwa chini. Alikuja, akaukandamiza uso wa gari kwa matako, akalala chini, akachungulia. Akaanza kucheka hata kabla hajatoka.

"Prof. Ule mupira uko wapi?"

"Mupira gani?"

"Ule unavaaka kwa fimbo, juu ya bomba. Ukubwa wa ngumi. Gari ikizama mingi, bomba inakutana na ule mupira kwanza. Sasa weye umekutanisha chuma na chuma!"

"Mpya hazikuja nao."

"Haziyakuja nao, ndiyo! Tunautoa kwa za zamani, tunautia kwa mupya. Lete za zamani."

Nikakumbuka fimbo zile zilizozama. Kitu cheusi kilichoshika juu ya bomba, kimefunikwa tope, nilikuwa nimekiona kama kifuniko chake. Papa alikuwa amesimama pale pale, anasikia.

"Nimezitoa," nikasema.

"Kwa nani?" Papa akauliza.

"Kwa mwenye mkokoteni. Jana, ulipolala."

Papa alinitazama kidogo tu, bila hasira, akaingia ndani. Afadhali angefoka.

Kijana wa mkokoteni nilimpata kabla ya saa sita, naye akanipeleka kwa mhunzi wa mbabula, majiko ya makaa, aliyemwuzia vyuma hivyo, karibu na reli. Mhunzi alikuwa amekwisha kukata bomba moja. Nyingine ilikuwa nzima, juu ya rundo, na mpira wake ukiwa bado umevaa kofia ya tope.

"Na mpira wa hii uliyokata?" nikauliza.

Alionyesha moto kwa koleo. "Inashikaka moto muzuri sana."

Nilirudi na ile iliyobaki kwapani kama mtu aliyeokoa kuku mmoja kati ya wawili. Tonton aliiosha kwa mafuta ya taa, akautoa mpira, akauzungusha kwenye vidole. Hakuna duka mjini lenye mpira wa namna hiyo kwa gari letu; tuliuliza matatu. Kuagiza Bunia kungechukua majuma, na shangazi alikuwa akisahau watu kila siku.

"Bon," akasema. "Tunakata ingine."

Alichukua kipande kinene cha tairi la lori. Akaweka mpira wa zamani kando yake, akapima kimo kwa kidole, akachora duara kwa msumari, akaanza kukata kwa kisu alichokuwa akikichovya kwenye maji ya sabuni. Kila mara aliurudia ule wa zamani: kimo, unene, tundu. Nilikaa kwenye kreti, safari hii mimi, nikamtazama. Nilikuwa na maswali mengi na yote yalikuwa na majibu mbele ya macho yangu.

Ndipo nikaelewa. Mashua ikiharibika chini huko Barumbu, hakuna duka. Kipya kikivunjika, cha zamani, hata kikiwa kimekufa, ndicho kipimo pekee ulichonacho cha kutengenezea kingine.

Tulifungua tena amotisere zote mbili jioni ile, mimi na vibanio vyangu, yeye na kisu chake. Nikamwambia Papa wakati wa chakula, "Nimepata sababu ya ile sheria ya Basoko." Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akichambua samaki.

"Iko sababu muzuri," akasema. Kisha: "Na mbele uipate hiyo sababu, sheria ilikuwa uongo?"

Bado sina jibu lililonitosheleza, kwa sababu zipo desturi nyingine nilizozichimba na chini yake sikukuta kitu.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Papa alileta amotisere ile iliyobaki, akaifunga ndani ya gunia, akaiweka mwenyewe kwenye kofre, buti ya nyuma ya gari. Sikuuliza. Tulikwenda polepole. Kwenye mto Lindi, njia inateremka ghafla hadi kwenye baki, ile pontoni inayovusha magari, na kati ya udongo na chuma cha baki palikuwa na pengo lililojaa maji. Nilisimamisha gari.

"Ule wa tairi uko upande gani?" Papa akauliza.

"Upande wako."

Alishika mpini wa juu ya mlango. "Shuka na gari."

Gurudumu lake lilizama. Nilisikia *buf*, mlio wa ngumi kwenye godoro. Nilimtazama usoni kabla ya kutazama njia. Alikuwa amefungua macho.

Huko Yangambi shangazi alikuwa ameketi nje, amevikwa kitenge mabegani. Aliwatazama watu waliosogea kumsalimu kama wageni. Papa alipokaribia, ameinama kidogo kwa ajili ya mgongo, shangazi alimwita kwa jina la utotoni ambalo sijawahi kulisikia mahali pengine, akamgombeza kwa nini amezeeka hivyo. Papa akacheka mpaka akashika kiuno.

Baadaye, shangazi alipokuwa amelala, mkono wake ndani ya mkono wa Papa, nilisema nitalisafisha gari. Nikaongeza kwa utani kwamba lile gunia la amotisere linachafua kofre, naweza kulitupa hapa.

"Wee!" akanong'ona Papa. "Hatujarudia bado."