Sarafu Zilizofukuliwa Mara Mbili

Padre aliyetufundisha Kilatini seminarini alikuwa mzee wa Kizungu mwenye miguu ya kuvimba. Siku tulipomuaga akirudi kwao aliniita pembeni, akanipa kopo la tumbaku lililojaa vitu nilivyodhani ni kokoto.

"Ni sarafu," aliniambia. "Zisafishe polepole. Ukifanya haraka utaziua."

Zilikuwa sarafu za shaba za Warumi wa zama za mwisho, pamoja na chache za wafalme wa Konstantinopoli waliowafuata. Zilikuwa zimelala ardhini huko mbali karne na karne, hata udongo ukawa ngozi yao.

Upadre haukuwa wangu. Nilitoka, nikawa mwalimu wa historia, nikajenga Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini, ambako malori ya barabara kuu hunguruma kutwa. Mwenzangu wa dawati moja naye alitoka. Yeye alihamia Mbeya mjini, akawa anafanya biashara ya mchele wa Chimala, kwa wajomba zake. Wengi tuliosoma nao walikisahau Kilatini kama mtu anavyosahau homa. Sisi wawili tulibaki nacho kwa sababu ya lile kopo.

Kila likizo alikuja kwangu. Tuliketi barazani na bakuli la maji ya betri, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, maana maji ya bomba yana chumvichumvi inayokula shaba. Tuliziloweka sarafu kwa majuma, kisha tukakwangua uchafu kwa mwiba wa mgunga au sindano, tukiangalia kwa kioo cha kukuzia. Nyingi zilikuwa ndogo kuliko kifungo cha shati. Unakwangua, unatokea mguu wa askari. Unakwangua tena, mkuki. Hatimaye unawaona askari wawili wamesimama na bendera katikati yao. Yeye alikuwa na macho makali kuliko mimi. Alisoma herufi zilizo chini kabisa, zinazotaja mji ilikotengenezwa sarafu.

"Antiokia!" alipiga kelele siku moja, akaruka kutoka kwenye kigoda.

Mke wangu akajibu kutoka jikoni, "Haya, mmeshafika Antiokia. Ugali unapoa."

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kubwa na nzito, ya Konstantinopoli. Upande mmoja mfalme anakutazama usoni. Upande wa pili kuna herufi M kubwa, na msalaba juu yake. Tuliifanyia kazi masika yote. Rangi yake ikatulia ikawa ya kijani kizito, kama jani la mparachichi. Siku moja sindano iliniteleza, ikamkwaruza mfalme shavuni. Nilitaka kulia. Mwenzangu akacheka: "Si umemchanja chale tu! Sasa ni mtu wa kwetu."

Mama yangu alipofariki, mwenzangu alikuja Kalenga, kijijini kwetu, akakaa nasi matanga yote. Alishika jembe kaburini pamoja na kaka zangu. Watoto wangu walimwita baba mkubwa. Kwa hiyo aliponiambia, "Ndugu yangu, niazime zile nzuri, vijana wa parokia yetu wazione," sikufikiri mara mbili. Nilizifunga moja moja kwa pamba, nikamkabidhi.

Miezi ikapita. Kila nikimuuliza, aliniambia vijana bado wanazifurahia. Kisha asubuhi moja mwalimu mwenzangu alinisogezea simu yake ofisini.

"Si wewe ndiye mtu wa sarafu? Mtazame huyu bwana wa Chimala."

Katika video mwenzangu amesimama kwenye jaruba la mpunga, amevaa gambuti. Anasema trekta lilipokuwa linalima shamba la wajomba zake, sarafu hizi zikatoka. Anasema Warumi walifika hapa kufanya biashara na mababu wa Wasangu, wenyeji wa Chimala, na dunia ilikuwa imefichwa jambo hili. Halafu akafungua kiganja, kamera ikasogea, na mfalme akanitazama akiwa na chale yangu shavuni.

Nilitoka nje nikampigia.

"Umeniona?" aliuliza kwa furaha, kabla hata sijamsalimu.

"Nimeona sarafu zangu."

Akashusha sauti. "Njoo Jumamosi. Tuna mkutano shuleni Chimala. Njoo tu, tutayamaliza hapa hapa kindugu."

Nikapanda basi Jumamosi nikiamini anataka kusahihisha mbele za watu, na kwamba ananihitaji pembeni yake ili asiaibike peke yake. Njiani nilikuwa natunga maneno ya kumsaidia.

Nilikuta darasa limejaa: wazazi, wanafunzi, wageni waliovaa suti. Sarafu zilipangwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Ile kubwa ilikuwa inang'aa kama bomba jipya. Ameisugua kwa limau na waya wa masufuria. Kijani chote kimekwenda, na uso wa mfalme umebaki bapa. Mwanafunzi yeyote wa yule padre alijua hilo halifanywi.

Mzee mmoja wa pale, amevaa koti zito, alisimama akazungumza. "Shuleni tulifundishwa kwamba sisi hatuna cha kuonyesha," alisema. "Kumbe tulikuwa tunatembea juu yake." Akaketi. Wajukuu zake wawili walikuwa wanamtazama akifuta macho kwa mkono wa koti.

Mwenzangu akanigeukia, akanishika bega. "Na huyu hapa ni mtaalamu wa sarafu kutoka Iringa. Amekuja kutuhakikishia."

Darasa likapiga makofi. Nilisimama. Nilimwangalia yule mzee, nikatamani sana niwe na jambo jingine la kusema.

"Sarafu ni za kweli," nilisema. "Lakini hazikutoka kwenye shamba hili. Zimetoka nyumbani kwangu. Huyu ni ndugu yangu, nilimwazima."

Kelele zikaanza nyuma. Mwenzangu hakuonyesha kushtuka. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyefiwa.

"Niliwaambia," alisema. "Niliwaambia watakuja kutoka Iringa kuzidai."

Nikaelewa kwa nini niliitwa. Ningekubali, ningekuwa shahidi wake. Nilipokataa, nikawa mwizi wake.

"Wahehe hao!" mtu alipaza sauti. "Ngome mlichukua, ng'ombe mlichukua, na hizi tena?"

Kwa vita vya mababu zetu, Wahehe na Wasangu hutaniana hadi leo. Watu wakacheka, lakini si kicheko cha utani. Mama mmoja akanigusa mkono, akaniambia kwa upole, "Nenda tu, baba. Nenda kabla hawajachafukwa."

Mwenzangu alinisindikiza hadi barabarani, maana adabu hakuiacha.

"Ungeitikia tu," alisema. "Ingekuwa sifa yetu wote."

"Ile kubwa umeisugua."

"Watu hawaoni kitu kilichofifia." Kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa nalo tangu ujana wetu. "Na usiseme zako. Kwenye Kilatini nilikuzidi kila muhula. Padre alikupa wewe kopo kwa sababu ulikuwa unambebea mkoba."

Likizo zote zile barazani, sindano na vioo, yeye alikuwa ameketi mbele ya kitu anachoamini amenyang'anywa. Basi likaja nikapanda.

Baada ya mavuno nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa yule mzee wa koti.

"Mwalimu, nilimwomba mwenzako anionyeshe mahali trekta lilipozitoa. Akanionyesha. Juma lililofuata akaja na wageni, akawaonyesha mahali pengine kabisa." Alikohoa. "Sarafu ni zako?"

"Ni zangu, mzee."

"Basi wewe amekuchukulia shaba. Mimi amenifanya nilie mbele ya wajukuu zangu."

Nilimwambia pole, naye akaniambia pole. Sijui mzee alitumia maneno gani kule kwa mwenzangu, lakini sarafu zilirudi na kondakta wa basi, zimefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Video nayo ikaondolewa kimyakimya. Mkutano wa kuwaambia watu ukweli haukuitishwa.

Mwaka huu nilikutana na mwenzangu Mbeya, harusini kwa binti wa mtu tuliyesoma naye. Alinijia kwa mikono miwili, amenenepa, anacheka, akanikumbatia mbele ya meza nzima. "Huyu ndiye ndugu yangu wa seminari," akawatangazia. Wageni wakatabasamu. Niliiacha mikono yangu ikining'inia mpaka aliponiachia. Mke wangu akanivuta koti, nikakaa. Nilikula pilau, nikawapa wazazi wa binti mkono wa heri, tukaondoka kabla keki haijakatwa.